Kivuli cha Dawati la Kumi na Tisa

Mwalimu Eliakimu Luvanda hakuwa na shahada. Hakuwa na gari wala baiskeli, wala mke tangu yule wa ujanani alipofariki, wala mtoto wa kumzika. Hakuwa na jino hata moja upande wa kushoto, kwa hiyo alitafunia kulia, polepole, kama mtu anayefikiri. Hakuwa na mjomba serikalini. Hakuwa na kivuli, kwa sababu alisoma kabla vivuli havijabuniwa, na elimu yake aliiokota jioni jioni katika madarasa ya watu wazima, mikono ikiwa bado ina udongo wa shamba. Na asubuhi ile ya Jumatano, mwaka wa thelathini na tatu wa Shirikisho, alipoitwa ofisini kwa mkuu wa Sekondari ya Lwangili, aligundua kwamba alikosa na kitu kingine ambacho siku zote alidhani anacho: hakuwa na pa kujificha.

"Keti, Luvanda," alisema mkuu, Mwalimu Petronila Mgaya. Alikuwa amejifunika shuka mabegani kwa baridi, na mbele yake kioo cha mezani kilikuwa kinawaka rangi ya manjano, rangi ya maswali ya Mamlaka.

"Matokeo yametoka, Mkuu?"

"Yametoka. Thelathini na sita wamefaulu vizuri tu. Wa thelathini na saba amefaulu hadi ninaogopa. Wa thelathini na nane hayupo."

Luvanda hakuuliza ni nani hayupo. Alikuwa amelisubiri jambo hilo kwa miaka minne, kama mtu anayeishi chini ya jiwe lililoegemea mti.

Jumatatu ya wiki iliyotangulia, wanafunzi wote thelathini na wanane wa kidato cha nne waliingia ukumbini na sare zilizonyooshwa kwa pasi, wakakaa saa tatu bila kalamu wala karatasi. Hapakuwa na la kufanya. Vivuli vyao vilifanya mtihani wa taifa mara elfu moja moja na kuumaliza kabla msimamizi hajafunga mlango. Zile saa tatu zilibaki kwa heshima tu, kama kimya cha msibani, na nje ya ua wazazi walisimama wakiomba Mungu kwa jambo ambalo lilikwisha kupita.

Dawati la kusomea lilikuwa na uso wa kioo. Mwanafunzi akiweka kiganja, lilimtambua. Akiandika, halikusoma jibu peke yake bali na njia ya kulifikia: alipokwama, alipofuta, alivyovuta pumzi kabla ya kuthubutu. Siku baada ya siku lilijenga mfano wa akili yake, na mfano huo ndio uliitwa kivuli. Waliobuni walisema mtoto anaweza kuamka na homa siku ya mtihani, lakini kivuli hakiugui. Na mtihani ukiisha, kivuli hakifi. Chuo, kiwanda, hata hospitali inayotafuta muuguzi, wote huuliza kivuli kwanza. Mwenyewe huitwa baadaye, wakiona haja.

"Nakusomea," alisema Mwalimu Petronila. "'Kivuli cha dawati namba kumi na tisa, kilichoandikishwa kwa jina la Agripina Chaula, kimepata daraja la kwanza kwa alama za juu kabisa katika nyanda zote. Hata hivyo kina dalili za watu wawili. Dawati namba ishirini, la Tulinagwe Tweve, kwa taarifa zenu ni zima. Mtahiniwa huyo hakuligusa kwa mihula minane. Mwalimu wa darasa ataje kwa mkono wake, ndani ya siku nne, nani mwenye kivuli. Asiyetajwa atahesabiwa mtoro.'"

Akainua macho. "Zile taarifa nani aliziandika?"

"Mimi."

"Zote nane?"

"Zote nane, Mkuu. 'Madawati yote yapo na yanafanya kazi.' Na wewe ukagonga muhuri."

"Nikagonga muhuri," alikubali mama yule, na wote wawili wakatazama nje, ambako ukungu ulikuwa umefunika mistari ya viazi.

Dawati la ishirini lilikufa wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza, maji ya mvua yalipopenya bati na kuingia ndani ya kioo. Lakini shule yenye dawati bovu iliitwa shule pungufu, na shule pungufu ilifungwa. Watu wa Lwangili waliona kwa macho yao ile ya bonde la pili ilivyofungwa kwa ajili ya madawati mawili, na watoto wake kutawanywa kama vifaranga. Kwa hiyo Luvanda aliandika kwamba ni zima, akamwambia Tulinagwe, "Keti na mwenzako hapo kwa wiki moja, mpaka fundi aje." Fundi haji mahali ambapo hakuna kilichoharibika. Wiki ile moja ikazaa miaka minne.

"Na tukisema ukweli?" aliuliza Luvanda.

"Umesahau kanuni? Taarifa moja ya uongo hufuta zote. Vivuli vya shule nzima vinafutwa, hadi vya kidato cha kwanza." Akashusha sauti. "Mtaje Agripina, kaka. Kiganja ni chake. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Tulinagwe alikuwepo, Mkuu. Hakukosa hata siku moja."

"Mimi na wewe tunajua. Mashine haijui."

*

Aliwaita wasichana wale kwenye ghala la viazi, mahali pasipokuwa na dawati wala kioo. Agripina alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kujipangusa viganja kwenye sketi. Tulinagwe alikuwa mfupi na mdomo mwepesi. Darasani walimwita "mkia wa Agripina," naye aliwajibu kwamba mkia ndio unaofukuza nzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, wanangu. Nataka mniambie mlivyokuwa mkisoma. Msinifiche."

Walitazamana, kisha wakacheka kidogo, kicheko cha watu walionaswa.

"Dawati linafunguka kwa kiganja changu tu," alisema Agripina. "Basi mimi nilikuwa ninaandika."

"Na mimi nilikuwa ninasema," alisema Tulinagwe.

"Usijisifu. Si kila kitu ulisema wewe."

"Nimesema kila kitu? Nimesema nilikuwa ninasema. Wewe ukikosea nakubana goti, mimi nikikosea unaacha kuandika. Mwalimu, huyu akiacha kuandika najua nimepotea njia, narudi mwanzo."

"Na ni nani alikuwa anajua?" aliuliza Luvanda. "Swali likija, jibu lilikuwa la nani?"

Swali lile liliwashangaza kweli. Agripina alijipangusa viganja.

"Sisi hatukuwahi kuligawa, Mwalimu," alisema Tulinagwe.

Luvanda alikuwa amejiandaa. Tangu zamani alihifadhi karatasi za mitihani ya miaka ile ya kalamu, zimefungwa kwa kamba ndani ya sanduku la bati, kwa sababu alikuwa mtu asiyetupa kitu chenye maswali. Alimkalisha mmoja huku na mwingine kule, magunia ya viazi katikati, akawapa kila mmoja karatasi na kalamu.

"Saa mbili. Kila mtu na kichwa chake. Mwenye kivuli atajulikana hapa."

Aliamini hivyo. Aliketi kwenye debe akiwatazama, na kabla nusu saa haijaisha imani yake ilianza kumtoka. Agripina alishika kalamu juu ya karatasi bila kuandika, kichwa amekiinamisha upande wa kulia, kama mtu anayengoja kuitwa. Tulinagwe alinong'ona, akageuka kushoto kwa haraka, akakutana na gunia. Akanong'ona tena. Akageuka tena. Akaandika mistari minne, akaikata yote kwa hasira, akaiandika ileile upya.

Alisahihisha palepale kwa kalamu nyekundu, kwa haki, bila kuhesabu ubaya wa mwandiko. Agripina alipata thelathini na nne katika mia. Tulinagwe alipata thelathini na moja.

Luvanda alisukuma gunia pembeni, akawakalisha kwenye ubao mmoja, akawapa karatasi ya tatu, ya fizikia, ngumu kuliko zile mbili.

"Anza na mwendo wake," alisema Agripina.

"Mwendo wa nini, dada? Tuanze na tulichopewa. Wamekupa uzito."

"Usinifokee."

"Sikufokei, nakuamsha. Uzito, halafu mteremko. Mbona umeacha kuandika?"

"Mteremko hauna msuguano. Soma tena."

"Ee, kweli. Nilikuwa nakupeleka porini. Futa."

Walimaliza kwa dakika hamsini, wakigombana na kubanana magoti. Luvanda alisahihisha. Tisini na mbili. Alirudia kuhesabu, maana hakuamini. Kisha akaiweka kalamu chini.

Katika maisha yake alikwisha kufundisha wanafunzi wapatao elfu mbili. Bora kuliko wote alikuwa ameketi mbele yake sasa hivi, na hakuwa mtu. Alikuwa kati ya watu wawili, mahali ambapo huwezi kumpa jina wala cheti. Luvanda mwenyewe ndiye aliyemtengeneza, kwa dawati bovu na sentensi moja ya uongo.

*

Aliwaeleza yote: kanuni, siku nne, jina moja. Aliwaeleza kwamba mtoro hapewi cheti wala hapati kazi ya mjini. Hupelekwa kambi za misitu kupanda misonobari kwa miaka kumi. Aliyataja hayo polepole, kama anayetafunia kulia.

Agripina ndiye aliyesema kwanza, na alisema akitazama sakafu. "Mimi nakitaka, Mwalimu. Sitasema uongo. Mama yangu amekwisha kuchinja kuku."

"Sikia huyu!" Tulinagwe alipiga goti lake kwa kiganja. "Kuku! Na mimi je? Mimi mtoro? Mimi niliyekuwa nakuja na homa, nakuja miguu imevimba kwa baridi?"

"Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningekitaka pia. Lakini ningekuwa na adabu ya kulia kwanza."

Agripina akalia hapo. Alipojifuta alisema, "Unafikiri nafurahi? Nitakwenda huko juu na kivuli kinachonizidi akili. Kila siku watanilinganisha nacho. Thelathini na nne, Tuli! Umeziona?"

Tulinagwe alimgeukia mwalimu. "Andika ukweli."

"Mwanangu..."

"Wewe ndiye uliyetufundisha. Kidato cha kwanza, ubaoni, kwa mwandiko wako mkubwa: mwanasayansi haandiki alichotaka kuona, anaandika alichokiona. Umeona nini, Mwalimu? Umeona dawati bovu. Liandike."

"Watafuta vivuli vyote. Wenzenu thelathini na sita."

"Hao waliokuwa wananiita mkia?"

"Na wa chini yenu. Shule nzima."

Mdogo wake Tulinagwe, Sekela, alikuwa kidato cha pili, dawati namba tatu karibu na mlango. Lakini dada mtu alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa na haki yake.

"Andika," alisema tena, akatoka, akaacha mlango wa ghala ukipigwa na upepo.

*

Mashine zilikuwa zimejifunza kuiga sauti, sura na sahihi ya kila mtu, kwa hiyo kwa mambo ya hukumu Mamlaka ilirudi kwenye karatasi, wino na lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia bahasha. Barua za namna hiyo zilichukuliwa na kipanga, ndege ya posta isiyo na rubani, iliyotua juu ya paa la ghala kila Jumamosi saa sita mchana.

Luvanda aliandika siku mbili. Alijaribu kila njia. Aliandika kwamba alilivunja dawati mwenyewe kwa makusudi, ili hatia iwe yake peke yake. Akakumbuka kwamba kanuni haiulizi nani, inauliza kama taarifa ni ya kweli. Aliandika akiomba mtihani wa kalamu. Akakumbuka thelathini na nne na thelathini na moja. Hatimaye, asubuhi ya Jumamosi, aliandika ukweli wote, kurasa mbili, kwa mwandiko uliosimama wima. Alipomaliza alijisikia mwepesi. Alijiona kijana tena, amekaa kwenye benchi la mbele la darasa la jioni, amejibu sawasawa.

Alimkuta Tulinagwe nyuma ya jiko la shule, akimenya viazi vya mchana, ndoo mbili mbele yake. Agripina alikuwa amesimama kwenye nguzo, mbali kidogo. Walikuwa hawajasemezana tangu siku ile, lakini walikuwa hawajui kukaa mahali tofauti.

"Nimeandika ulichotaka," alisema Luvanda, akampa barua kwa mikono miwili.

Msichana alifuta kisu, akaichukua, akaisoma taratibu mpaka mwisho.

"Barua nzuri," alisema. "Hata lile bati linalovuja umelitaja." Kisha akasema, "Nimehesabu, Mwalimu. Nilikwenda kwenye daftari la mahudhurio. Watakaofutwa ni mia moja arobaini na saba. Sekela ni wa mia moja na tisa."

"Najua."

"Wakifutwa, watapelekwa wapi?"

Wote walijua. Milima ya kule chini ilikuwa tayari ya kijani mpaka upeo wa macho, na bado kila mwaka walihitajika wapandaji.

"Na ukiipeleka hii, mimi nitapata nini? Kivuli?"

"Hapana. Lakini hutaitwa mtoro."

"Nitaitwa nani?"

Luvanda alitazama ndoo za viazi.

"Unajua, juzi nilikuwa na hasira," alisema Tulinagwe. "Nilitaka uumie. Sasa naona hata huumii. Uso wako umenawiri kama wa bwana harusi. Hii si barua yangu, Mwalimu. Ni barua ya usingizi wako. Wewe utalala, sisi wote tutapanda miti."

Aliichana mara moja, akaichana mara ya pili, akatupa vipande kwenye ndoo ya maganda. Luvanda alivitazama vikilowa na wino ukitoka. Alitaka kukasirika kama mwalimu anavyopaswa, akatafuta hasira ndani yake, hakuikuta.

"Andika nyingine," alisema msichana. "Fupi. Mtaje huyo wa kuku."

Agripina aliondoka kwenye nguzo. "Tuli, tungoje. Labda..."

"Labda nini? Saa sita inafika. Amenizidi alama tatu, Mwalimu. Andika hiyo kuwa sababu."

"Hiyo si sababu, mwanangu."

"Basi andika bila sababu."

Aliandika pale pale, juu ya meza ya kukatia mboga. Mistari mitatu. *Mwenye kivuli cha dawati namba kumi na tisa ni Agripina Chaula. Dawati namba ishirini ni zima. Tulinagwe Tweve ni mtoro wa mihula minane.* Chini yake palihitajika sahihi ya mtoro kukubali kosa. Tulinagwe alisaini bila kukaa, akipuliza wino ukauke.

"Nakufundisha kitu kimoja cha mwisho," alimwambia Agripina, bila kumtazama. "Ukifika huko wakikuuliza usichokijua, kohoa kwanza. Halafu sema, tuanze na tulichopewa. Watadhani unafikiri."

Agripina alijaribu kumshika mkono. Tulinagwe aliuacha ushikwe kidogo, kisha akauchukua, kwa kuwa viazi vilikuwa bado ndoo nzima.

Kengele ya mchana iligongwa. Luvanda alitoa mfukoni bahasha na muhuri wa shule, akakunja karatasi, akaiingiza ndani, akawasha kiberiti chini ya kijiti cha lakiri. Tone la kwanza lilianguka mezani, la pili likaunguza kidole chake mwenyewe, na bado mdomo wa bahasha ulikuwa wazi.

"Mkono wako unatetemeka, Mwalimu," alisema Tulinagwe. "Lete."

Alimnyang'anya kijiti kwa upole, akadondosha lakiri mahali pake, duara moja zuri jekundu, akagandamiza muhuri wa shule juu yake na kuhesabu kumi kwa sauti ndogo. Alipouinua, alama ilikuwa imetokea vizuri, bila ufa.

Kipanga kilikuwa kimekwisha kutua. Mwalimu Luvanda alipanda ngazi ya ghala mwenyewe, mguu kwa mguu, akaiweka bahasha kwenye mdomo wa chuma. Mdomo ukafunga. Ndege ikanguruma, ikainuka, ikaingia kwenye ukungu kuelekea kusini, na kwa muda aliisikia bado, baada ya kuwa haionekani.